Orodha Tupu ya Mama Mdogo

Nyumba za Wafanyakazi,
Ghorofa ya Tatu, Chumba Na. 9.
14 Juni

Mpendwa Dada,

Habari za masiku mengi? U hali gani wewe, na shemeji, na yule binti yenu asiyetaka kuvaa viatu? Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua na hiyo baridi ya huko. Mimi nipo. Nakula, nalala kidogo, naenda kazini. Nikikuambia sijambo nitakuwa nakudanganya, na uongo wangu wewe huugundua kabla sijaumaliza.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningeishia kuzungumzia hali ya hewa. Tafadhali keti kwanza.

Mama mdogo anaumwa. Ule uvimbe wa kwapani aliokuambia mwaka jana kuwa si kitu, ni kitu. Mwezi uliopita daktari wa hospitali kuu alimtaka aanze matibabu wiki ileile aliyomwona, naye akakataa katakata. Unamjua akishasema hapana.

Sababu aliyoitoa ndiyo iliyonimaliza. Alikuwa na karatasi ya kliniki ninakofanya kazi iliyoandikwa SALAMA, nayo hutoka kwenye programu niliyoiandika mimi. "Huyo daktari ananijua tangu lini?" aliniuliza, huku akishona suruali ya mteja. "Mwanangu ndiye aliyetengeneza ile mashine." Amekuwa akijigamba hivyo kwa kila anayekuja kupimwa nguo, hadi mimi naona haya kupita karibu na duka lake.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika programu kwa lugha ya Java kwenye ile kompyuta yenye kibodi isiyo na herufi R, kwa hiyo utanielewa upesi. Majibu ya vipimo tumeyaweka kwenye Map, kama kabati la droo zenye namba. Ufunguo ni namba ya mgonjwa, na thamani yake ni orodha ya majibu yake. Nilitakiwa kukagua kila orodha: majibu yote yakiwa mazuri, mgonjwa apewe karatasi ya SALAMA; likiwepo hata moja baya, aitwe. Nikaandika mstari mmoja, nikajiona fundi:

majibu.stream().allMatch(j -> j.niZuri())

Kumbuka allMatch inavyofanya kazi. Inapita kwenye orodha ikitafuta jibu baya, isipoliona inasema kweli. Orodha ikiwa tupu haioni baya lolote, nayo inasema kweli vilevile. Ni kama kuuliza iwapo watu wote waliomo chumbani wameshiba, na chumbani hamna mtu. Java itakujibu ndiyo, wameshiba wote. Ulinionya kuhusu hili zamani, tena kwa kofi la kisogoni, na mimi nikacheka.

Chupa ya kipimo cha mama mdogo ilivunjika njiani kwenda maabara. Namba yake ilikuwa imeshafunguliwa kwenye Map, na orodha yake haina kitu. Mtu wa maabara aliandika kwenye daftari lao kwamba aitwe atoe kipimo kingine. Lakini nesi wa mapokezi alitazama kioo cha kompyuta, akaona SALAMA, akachapa karatasi. Huwezi kumlaumu. Miezi saba ikapita hivyo, dada, na kumbe lilihitajika sharti moja tu, kwamba orodha isiwe tupu.

Nilipofuatilia karatasi yake na kugundua hayo, nilipitisha ukaguzi mwingine wa stream kwenye Map nzima, nikachuja wote wenye orodha tupu waliopewa karatasi. Walikuwa kumi na wawili. Nilikaa mbele ya kioo mpaka chai yangu ikaota utando.

Siku hiyohiyo nilimpelekea mkuu wangu, yule tunayemwita Mzee Miwani, yale majina. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Wagonjwa wameanza kuitwa. Wawili simu zao hazipatikani. Mimi nimeondolewa kwenye ile programu, na sasa kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa nikisubiri watakaloamua.

Kumwambia mama mdogo ndiko kulikonishinda. Siku nne nilifika mlangoni kwake nikajifanya nimekuja kusalimia tu. Jumamosi asubuhi nikajikaza.

"Mama, ile karatasi si ya kweli. Hakuna aliyekupima. Aliyekosea ni mimi."

Akasimamisha cherehani.

"Hakuna aliyenipima kabisa?"

"Hakuna, mama."

"Na mimi nilikuwa nashukuru kila siku."

Akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali ya watu vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nililia, dada, sina la kukuficha. Jumatatu tulikwenda hospitali kuu pamoja.

Daktari yuleyule alimpima tena, akasoma majibu mara mbili, akasema matibabu yataanza ila tusitegemee makubwa. Kisha akamuuliza alikuwa wapi miezi yote hii tangu uvimbe uanze, maana angewahi, mambo yangekuwa mengine. Nikafungua mdomo. Mama mdogo akaniwahi.

"Ni uzembe wangu, daktari. Kazi za watu zilinibana."

Daktari akaandika hivyohivyo kwenye faili, kwamba mgonjwa alichelewa kwa uzembe wake mwenyewe. Nilikuwa nimeketi pembeni yake, nimemshikia mkoba, na nikanyamaza. Faili bado linasema hivyo.

Omba ruhusa uje, dada. Usingoje sikukuu wala likizo. Na ukifika, mimi ukitaka kunisema nitakusikiliza hadi umalize.

Nisalimie sana shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Fundi viatu jirani yetu anakuulizia kila akiniona. Mama mdogo naye anakusalimu. Hajui kama nimekuandikia haya, kwani amenikataza nisikutie wasiwasi. Mungu awalinde nyote, na akufikishe hapa mama mdogo angali na nguvu za kukupokea.

Wako akupendaye, na leo mwenye kukuhitaji kuliko siku zote,

Mdogo wako.