Msaidizi kwa Mara ya Tatu

Alkhamisi, baada ya Isha

Daftari langu, hujambo? Mimi mzima, wa mwili tu.

Basi wamemleta kocha Mzungu. Msimu mzima nimeishika timu ya mpira ya chuo peke yangu, tukashinda, na leo meneja, Mwarabu, ananambia nibaki msaidizi. Mara ya tatu hii.

"Wewe vijana wanakupenda, wallahi," kasema. "Lakini ukocha mkuu unataka sura."

"Sura ipi, bwana? Hii nyeusi haifai?"

Akacheka, akanipiga bega.

Niondoke? Viza yangu wanayo wao. Bila ya barua yao ya kuniachia chuo chengine hakinichukui, na Unguja nna watoto wane wanaonitazama mimi.

Magharibi ikatukuta kiwanjani, huku Mabela, nchini kwao. Wachezaji wakapanga safu kwenye majani, na meneja huyo huyo akanisukuma: "Tangulia, sheikh, tusalishe." Nikawasalisha. Katikati ya Fatiha nikamsikia meneja nyuma yangu anakohoa.

Kesho nampokea Mzungu, nimfundishe majina ya wachezaji wangu.

Ya Rabbi, mja wako kachoka kungoja. Nijibu upesi.