Baba Mnara Asiye na Mnara

Mama Basil, shikamoo. Kila Jumamosi nakusoma pale kwa kinyozi na huwa nawacheka sana wanaokuandikia, sasa leo zamu yangu imefika, kwa hiyo nakuomba ucheke kwanza umalize, halafu unishike mkono, maana Jumatano ijayo naumbuka.

Mimi ni fundi simu hapa Babati mjini, nina kibanda karibu na stendi, na mke wangu, Jenifa, ni muuguzi katika zahanati moja kule Sigino, nyuma ya kilima, mahali ambapo mtandao haushiki hata uinue simu juu ya kichwa, na ni kwa ajili yake ndipo niliingiwa na wazo la kupeleka mawasiliano kule, nikafungua kampuni ndogo, nikaomba leseni ya masafa. Masafa, Mama, ni njia ya hewani ambayo simu na intaneti hupita, na ukishapewa wewe kwa eneo fulani hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia hapo, ila na wewe unapangiwa tarehe, ujenge mnara kabla ya hiyo tarehe au leseni irudi ilikotoka. Nikapewa leseni, nikapewa na tarehe, na hapo ndipo akili yangu ilipoaga.

Mtu mwenye akili angenunua vyuma. Mimi nikafanya sherehe ya kuweka jiwe la msingi, kwa sababu nilijiuliza, mnara gani huo unaanza bila jiwe la msingi, na watu watajuaje kwamba ni mimi? Tukachimba shimo, tukakodi maturubai na viti na spika, tukaita kwaya ya Wakatoliki na ya Walutheri ili asinune mtu, tukachinja, tukapika pilau, mgeni rasmi akafunua kitambaa, jiwe likaonekana, jiwe zuri la marumaru lenye jina langu kwa herufi kubwa kuliko za mgeni rasmi mwenyewe, akina mama wakapiga vigelegele, na jioni nilipokaa kupiga hesabu nikagundua kwamba mnara tumeshaula. Wote. Ulikuwa mtamu, sikatai.

Tangu siku hiyo sokoni hawaniiti tena Baba Irine, wananiita Baba Mnara, na mimi kwa sifa zangu za kijinga nikapenda, bodaboda akinipigia honi, "Baba Mnara, mambo!", najibu "poa" huku kifua kinapanda. Nikalizungushia shimo uzio, nikaweka geti, nikaajiri na mlinzi, Mzee Lomayani kutoka Simanjiro, mtu mwaminifu kabisa, analinda shimo kwa moyo wake wote, na masika shimo likijaa maji ng'ombe wake wanakunywa humo, na siku niliyomwambia kwamba ipo siku tutakuja kumwaga zege alisikitika kweli, akaniambia, "Bosi, acha kwanza. Hawa ng'ombe wameshazoea hii shimo."

Tarehe ilipokaribia niliwaandikia watu wa mamlaka walionipa leseni nikaomba nyongeza ya muda, nikaeleza kwamba mvua imekata barabara, na kweli ilikata, wakanihurumia wakaniongezea, na ile siku nilifurahi kama mtu aliyemaliza kujenga. Sasa na hiyo nyongeza inaisha, naomba ya pili, na mvua hakuna, kwa hiyo nimeandika tembo. Ni kweli tembo hupita huko, ila wa mwisho alipita bila kugusa kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugusa.

Katikati ya hayo akaja Elieza, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Sigino, kaja dukani kwa adabu zote, kanibebea na maziwa, akaniambia kikundi kimepata mfadhili na vyuma vya mnara viko uani kwake, watu wanaanikia nguo, lakini walipoomba masafa wakaambiwa eneo lile lina mwenyewe. "Mwenyewe ndiyo wewe, Baba Irine," akasema. "Tunakuomba utuachie." Nikamwambia nitafikiria. Maziwa nikanywa.

Wiki iliyopita, Mama Basil, kuna mama aliletwa zahanati akiwa na uchungu, hali si nzuri, Jenifa ikabidi amwache mgonjwa na mkwe wake aliyemsindikiza, apande kilima mbio kutafuta mtandao aite gari la wagonjwa, na aliposhuka akakuta mtoto ameshatoka, bibi kampokea kwa kanga, na mzazi anatoka damu nyingi. Wamepona wote, namshukuru Mungu. Jenifa alirudi nyumbani magoti yamechubuka kwa kuanguka kule kilimani, akakaa, hakugomba, akaniuliza tu, "Hiyo hewa unaishikia nini, Baba Mnara?" Mji mzima unaniita hivyo, lakini mke wangu hajawahi. Siku ile aliniita.

Sasa Jumatano wakaguzi wanakuja kuona nimefikia wapi kabla ya kuamua kama waniongezee tena, na rafiki yangu fundi Leonsi amenishauri tusimike mkaratusi mrefu pale, tuupake rangi nyekundu na nyeupe, juu tufunge dishi bovu, ili waone ujenzi unaendelea. Mti umeshakatwa na rangi ipo. Najua ni aibu, lakini nikirudisha leseni nitapitaje sokoni, na wataniita nani? Nisimike huo mti, au nifanyeje? Tafadhali jina langu usilitoe gazetini.

Ni mimi, msomaji wako wa Babati.

MAMA BASIL ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka kama ulivyoniomba, mpaka nilipofika kwa yule mzazi na kanga ya mkwe wake. Hapo kicheko kikakata.

Jina lako sijalitoa, kama unavyoona. Ila Babati hii ina Baba Mnara mmoja tu, kwa hiyo usishangae Jumatatu ukikuta kinyozi amebandika ukurasa huu ukutani.

Huo mkaratusi upasue kuni leo hii. Jamani, wakaguzi ni watu wazima! Watapita getini, watamkuta Lomayani, watamuuliza mnara uko wapi, naye atawaonyesha ng'ombe. Aliyechelewa husikilizwa. Aliyedanganya hupelekwa kwingine, na huko hakuna vigelegele.

Tena nikuambie kitu ambacho Leonsi hakukuambia. Kuomba nyongeza ya muda si kosa. Imewekwa kwa ajili ya mtu anayejenga akakwama, vyuma vyake vimechelewa, barabara imekatika. Mara ya kwanza uliomba kwa haki, barabara ilikuwa imekatika kweli, ingawa hata ingekuwa ya lami hukuwa na cha kupitisha. Mara hii hujakwama, hujaanza. Unaomba muda wa kuendelea kuitwa Baba Mnara, na muda huo mkeo anaulipia kwa magoti yake.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Wazo lako lilikuwa zuri na lilitoka kwa upendo, ulitaka kumrahisishia Jenifa kazi. Halafu ukasikia vigelegele, ukamsahau Jenifa ukabaki na vigelegele. Wewe si wa kwanza katika mkoa huu.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujafungua kibanda, nenda kwa Elieza, na usiende mikono mitupu, maana maziwa ya watu ulikunywa. Mwambie Sigino unaiachia. Mwambie shimo lipo, uzio upo, geti lipo, avilete vyuma vyake. Jumatano msimame naye pale shimoni, wakaguzi wakifika uwaambie ukweli wote, hata wa pilau, kisha uwaulize taratibu za kurudisha leseni ili kikundi kiweze kuomba. Msigawane hewa wenyewe kienyeji, anayegawa ni mamlaka. Na tembo mtoe kwenye maombi yako, mnyama wa watu hajakukosea kitu.

Siku ya kufunga mitambo wakihitaji fundi, panda juu ukafunge. Hiyo ndiyo kazi unayoijua, nami nasikia unaijua vizuri. Lomayani naye mtafutie mahali pa kunyweshea mapema, msije mkamwaga zege ng'ombe wakiwa wamepanga foleni.

Jiwe usiling'oe. Libaki pale chini ya mnara wa wenzako, na jina lako na herufi zako kubwa, likuaibishe kidogo kila unapopita. Sokoni watakucheka, wacha wacheke, gulio lijalo watapata mwingine. Na ukimweleza Jenifa, usianze na hotuba. Mpelekee maji ya kuoshea magoti, umwambie umeiachia.

Kabla hujasema Mama Basil ni mkali, nami niseme langu. Siku ile ya jiwe nilikuwepo, turubai la pili, karibu na spika. Nilipiga vigelegele na pilau nikala, nikabeba na ya wajukuu kwenye hotipoti. Kipande cha mnara wa Sigino kiliishia nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja wetu pale aliyeuliza vyuma viko wapi.

Kwa hiyo mnara ukisimama usinipigie kunishukuru. Mwache Jenifa anipigie, akiwa zahanati, amekaa kwenye kiti, mgonjwa wake yuko mbele yake.