Zamu ya Mama Yoeli

Kikwe, 9 Agosti 2025

Mwanangu Ndeshi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mgongo wa mama yako bado unasumbua. Kifua chako kimepona? Naandika kwa mkono kwa sababu jambo hili silitaki kwenye simu.

Mama Yoeli, jirani yetu wa bondeni, amenichefua. Tulipobadilisha zamu za maji ya mfereji, ile programu ya ofisi yenu ilimtumia kila mtu meseji. Wengine niliwatangazia pia kanisani, lakini yeye alikuwa Nduruma akimuuguza binti yake. Aliporudi akafungua maji siku yake ya zamani, akamkatia maji Eliamini, mwenye zamu mpya, katikati ya kumwagilia.

Kwenye mkutano akaapa hakupata meseji. Nikafungua programu mbele ya watu, na kwenye jina lake imeandikwa wazi: imefika. Nikamwambia, "Wewe ni mwongo, na mwongo hapewi maji ya mfereji huu." Mwenyekiti ni mimi, nimemfungia zamu mpaka mavuno. Maharage yake yanajikunja na bado anashikilia uongo wake. Mtu mzima, tena mwanakwaya! Kinyaa kitupu.

Hebu angalia huko ofisini, unipe uthibitisho nimzibe mdomo.

Baba yako,
Philemoni

Themi, 14 Agosti 2025

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, asante. Mwambie mama asiiname. Ila leo nina kichefuchefu kingine.

Mama Yoeli hakudanganya. Meseji haikutoka hapa.

Programu yetu ina sehemu ya kugawa kazi: nani atume meseji, nani apange zamu. Hao si watu, ni vipande vya programu, na zamani tuliandikisha kila mmoja kwa jina. Bosi wangu Hans akaona ni usumbufu, akaiamuru programu iandikishe yenyewe chochote inachokikuta kwenye folda. Humo mlikuwa na mtumaji wa bandia, wa majaribio tu, asiyetuma kitu. Akaandikishwa wa mwisho, akachukua kazi ya yule wa kweli.

Kisha kila aliyeandikishwa anavikwa koti moja, yaani kipande kingine cha programu kinachomfunika, nalo pia hujivisha lenyewe. Kazi ya koti ni kuandika "imefika" pasipotokea hitilafu. Asiyefanya kitu atapata wapi hitilafu? Ni sawa na usharika kumvisha joho la kwaya kila aliyemo kanisani, hata aliyeingia kujikinga mvua, halafu waandike kwamba ameimba vizuri.

Nilipomweleza Hans alicheka. Akasema turekebishe kimyakimya, wakulima tuwaambie mtandao ulisumbua. Nilitamani kunawa mikono. Uvivu wake, aibu abebe mama wa watu! Nimeshawaandikia viongozi wa mifereji yote ukweli. Akinifukuza, anifukuze.

Baba, mfungulie maji leo hii. Isome barua hii mkutanoni.

Mwanao,
Ndeshi

Kikwe, 31 Agosti 2025

Marahaba mwanangu,

Mama yako hajambo kidogo. Mimi afya ninayo, amani sina.

Barua yako niliificha. Nilijiambia nitamfungulia Mama Yoeli baadaye, niseme tu nimemhurumia. Kila asubuhi nikapita kando ya shamba lake, na kila asubuhi nikaahirisha. Mwisho nikamkumbuka Hans wako na kimyakimya yake, nikaona mimi na yeye ni baba mmoja mama mmoja. Nilijichukia, Ndeshi.

Jana nimeisoma mkutanoni yote. Mama Yoeli akauliza, "Na wewe mwenyekiti, kwako ilifika?" Nikatoa simu. Hakuna kitu. Zamu nilizitangaza mwenyewe, kwa hiyo sikuwahi kuitafuta meseji. Ushahidi wake ulikuwa mfukoni mwangu siku ile ninamwita mwongo.

Nikampa zamu yangu mpaka mavuno. Akasema, "Maharage yameshakufa. Maji mwagilia wewe. Mimi nataka ulifute lile neno lako."

Nikasimama pale pale niliposimama siku ile, nikasema kwa sauti ile ile kwamba mwongo ni mimi. Uenyekiti nimeuacha, ameuchukua Eliamini. Hans akikufukuza, njoo nyumbani kichwa juu.

Leo Jumapili Mama Yoeli amenipita mlangoni mwa kanisa, amevaa joho lake. Nimemsalimia. Hakuitika, na simlaumu.

Baba yako,
Philemoni