Sauti ya Ndama Kwenye Simu Yangu

Mama yangu,

Umeamkaje huko Vihiga? Goti je, limekubali kukunjika? Mimi niko mzima, ni baridi tu ya huku Kimuka inaniuma masikio.

Sasa tulia nikueleze, kwa maana nasikia umeshatangaza kanisani kwamba nimeolewa. Sijaolewa! Aliyeshika simu yangu asubuhi akakusalimu "Supa!" kwa Kimaasai si mama mkwe, ni Koko, nyanya wa mwanafunzi wangu Naserian. Na huyo uliyemsikia akilia nyuma yake si mtoto, ni ng'ombe.

Ilianza hivi. Kwa ajili ya somo la sayansi nilienda bomani kwa Koko nikarekodi ndama akimwita mama yake. Wiki hiyo hiyo ndama akafa, na ng'ombe akabana maziwa kabisa. Koko akajaza nyasi kwenye ngozi ya ndama, akamsogezea ainuse kama wanavyofanya huku, lakini wapi! Akaamua kumuuza kwa mchinjaji, na ndiye ng'ombe pekee waliyebaki naye baada ya kiangazi. Naserian akawa anakuja shule bila chai, macho mekundu. Mama, niliumia.

Siku ya somo ilipofika, Naserian mwenyewe akaniomba nichezeshe ile sauti. Nikaunganisha simu na spika. Ndama akalia. Lo! Ng'ombe wa Koko, aliyekuwa akila nyasi kando ya ua wa shule, akaja mbio akaingiza kichwa darasani. Watoto wakapanda juu ya madawati. Naserian akapiga kelele, "Mwalimu, maziwa yanadondoka!"

Mchinjaji alirudi mikono mitupu. Sasa kila asubuhi Koko anakuja kuchukua simu, anaifunga ndani ya ile ngozi, anakama. Inarudi imelambwa kioo chote, na mwalimu mkuu hataki hata kuigusa.

Jana Koko aliniletea maziwa darasani, akanishika mkono. "Huyu ndama alikufa na bado anaita?"

"Eeh, Koko."

"Basi nichukue sauti na mimi, nikimwamsha Naserian. Siku nikienda, huyu mtoto atalala mpaka saa sita."

Nikawasha simu kurekodi. Akarekebisha shanga zake, akamgombeza Naserian hapo hapo kana kwamba bado yuko kitandani. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya watoto.

Msalimie babu, na shangazi wa mboga, na kitindamimba wetu, mwambie asiguse mashati yangu. Na wewe, Mama, nitumie ujumbe wa sauti unigombeze vile unajua. Uwe mrefu. Nataka kuuweka.

Ni mimi binti yako,
Kageha