Harufu ya Mtindi Maabara

Jumatatu, 3 Machi

Homa ya kaka imegoma kushuka — siku ya tano leo. Ini lake limechoka miaka mingi, tumezoea tumbo kujaa maji, lakini homa hii ngeni. Wamemtoa damu mikono yote miwili, chupa zimeletwa kwetu maabara. Nimezipanga mwenyewe kwenye mashine. Jioni nikampelekea themosi ya mtindi ninaougandisha mwenyewe, kama kila siku. Hupenda kukunja uso, ila humaliza. Utumbo ukitulia atapata nguvu, nilimwambia.

Jumatano, 5 Machi

Chupa ya mkono wa kulia imeota bakteria! Kwenye hadubini: vijiti vya zambarau, kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Bosi katupia jicho mara moja. Uchafu wa ngozi ulioingia na sindano, akasema, andika hivyo tuendelee. Sikuandika. Ubishi wangu wa kuzaliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Ya kushoto nayo. Vijiti vilevile. Uchafu gani huo wa mikono yote miwili? Bosi akavuta kiti, akakaa. Raha niliyosikia! Nikafunua sahani niliyooteshea vijiti jana. Haturuhusiwi kunusa, ila harufu ilinifuata yenyewe. Chachu-chachu. Naijua, sijui ya wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Jina limetoka: bakteria wa kugandisha maziwa. Mwenye ini zima hawamdhuru, maana ini huchuja damu itokayo tumboni. La kaka halichuji tena. Nimesoma mpaka chai ikapoa. Ni nadra mno, na dawa anayochomwa haiwagusi. Nikampigia daktari, akabadilisha dawa papo hapo. Habari ya themosi sikugusia. Huenda wametoka tumboni mwake mwenyewe. Leo sikumpelekea kitu. Nimeotesha tone la mtindi wangu kwenye sahani nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Sahani mbili, kando kwa kando. Sizitofautishi. Si ushahidi kamili, najua. Lakini naogopa.

Nimepanda wodini. Kaka ana jasho, homa imeshuka kidogo. Akanirudishia themosi ya juzi, tupu.

"Nimemaliza yote, dada, usinigombeze."

Daktari akaingia, akauliza analetewa nini kutoka nyumbani. Kaka akanitazama. Sikuwa nimemwambia lolote, ila uso wangu haujui kuficha.

"Siletewi kitu," akasema. "Nakula cha hapahapa."

Daktari akaandika hivyo, akahamia kitanda kingine.

Naandika hapa koridoni, themosi iko miguuni. Daktari amebakiza vitanda vitatu, kisha atapita hapa.