Sauti ya Mama

Koboko, Jumapili, Februari 1974. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno. Sijala tangu jana.

Tajiri, mwenye mashine ya muziki, anakuja jioni kutoka Arua. Akinifukuza, ataichukua barua ya kazi ninayowaonyesha askari barabarani. Bila barua hiyo mimi ni mtu wa Zaire asiye na karatasi, wa kurudishwa mpakani.

Kosa ni la sikio langu.

Juma lililopita Hajati, ambaye mjukuu wake alikuwa anaoa hapa Koboko, alikuja Arua kukodi muziki. Tajiri hakuwepo. Alinikuta mimi, mbebaji wa vyombo.

"Mwanangu, leta spika iko na sauti ya mama."

Nikaelewa sauti nyororo, ya kike. Kwetu Kalemie mama haungurumi. Basi ile kubwa ya inchi kumi na tano nikaiacha, nikapakia nne ndogo za inchi nane.

Jana alasiri muziki ulipoanza, Hajati alisimama uwanjani, mguu mmoja mbele, akingoja. Kisha akanijia.

"Mama iko wapi? Hii iko watoto tu, nalia maziwa."

"Mama nabaki Arua, napika," mwanamke mmoja akasema. Wakacheka wote.

Ndipo nikajua. Hapa ngoma mama ndiyo ile kubwa, inayopiga kifuani.

Nilihangaika. Nikazibananisha zote nne kwenye kona ya ukuta. Nikaona moja nimeifunga waya kinyume, inavuta wakati wenzake wanasukuma. Nikaigeuza, na kweli nguvu iliongezeka. Nne kwa pamoja zinasukuma upepo kama ile kubwa. Lakini hazikushuka kwenye sauti nzito. Kila moja inakomea palepale mwenzake anapokomea, na ukiongeza idadi unapata kelele, hupati kina.

Nikaongeza sauti. Moja ikapasuka.

Hajati akakaa. Hakucheza harusi ya mjukuu wake.

Ningependa kuandika kwamba hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siyo. Naogopa.

Ninaweza kusema Hajati mwenyewe aliagiza ndogo. Tajiri ataniamini, maana yule mama ni mzee na maneno yake yanajulikana kuchanganyika. Nimelifikiria hilo asubuhi nzima, na aibu imenishika.

Nitasema sikuuliza. Swali lilikuwa fupi tu: mama yupi?

Kesho ipo. Sijui nitaamkia nchi gani.