Benchi Lisilokubali Pengo

Nyumba ya Wauguzi,
Nyuma ya Zahanati.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu, mkeo, hajambo? Na binti yenu, kifua kimetulia au bado anakohoa usiku? Sisi huku tu wazima, magoti yangu tu ndiyo yananisuta nikipanda ngazi. Habari za Mama zinakuja, usirukie mbele kama kawaida yako.

Nianze na ubishi wetu. Uliniandikia kwamba wafadhili wakiondoka, kliniki yetu ya presha na sukari itakufa kabla vumbi la magari yao halijatua. Nilikasirika, sikufichi, nikaliweka jibu kiporo. Leo nakupa: mwaka umepita, na tupo.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Gari lilikwenda, na vijana waliokuwa wakipita majumbani kuwatafuta wagonjwa wasiofika wakaenda nalo. Chai na mkate vikakoma. Dawa tulizipata, maana tuliibana ofisi ya afya mpaka ikaziingiza kwenye mgao wake. Mimi nipo, mwajiri wangu ni serikali. Waliokosekana ni wagonjwa. Walizoea kufuatwa, basi dawa zikakaa kabatini na wenyewe wakakaa nyumbani, wakisema mradi umekufa.

Ndipo fundi seremala, jirani yake Mama na mgonjwa wangu wa presha, mbishi kuliko wewe, akatuundia mabenchi, kila mtaa na benchi lake. Tukawekeana sheria: simpimi mtu wa benchi mpaka lijae, au waniambie asiyekuja yuko wapi na ana nini. Wakiona pengo, mmoja wao anatoka kwenda kumwangalia.

Wiki za kwanza nilitukanwa, we acha tu. Mtu kaja na njaa ya kupimwa sukari, halafu aambiwe amsubiri jirani aliyelala fofofo. Nikakaza uzi. Wakaona isiwe tabu, wakaanza kugongeana milango wakiwa njiani kuja. Siku hizi nikifungua dirisha asubuhi nawasikia wanakuja mtaa mzima mzima, wanataniana, na mimi muuguzi mzima nasimama pale natabasamu peke yangu. Najivunia watu hawa, mdogo wangu, nashindwa hata kuficha.

Sasa Mama. Unamjua alivyo. Alikuwa ameanza kuisusa kliniki yangu, eti hawezi kuamrishwa na mtoto aliyemnyonyesha. Siku moja mwezi uliopita nafasi yake ikawa wazi. Nikawaambia wenzake huyo namjua, kanuna tu, tuanze. Benchi zima likakataa kunipa mkono nipime. Seremala akaniambia, "Dada, sheria uliiweka wewe. Mama yako naye ni mtu wa benchi hili." Akaondoka na mwenzake mmoja bila kunisubiri.

Walimkuta sakafuni jikoni, jasho linamtiririka, maneno hayatoki. Alikuwa amejichoma sindano yake ya sukari, kisha akasahau kula. Bado alikuwa anaweza kumeza, wakampa maji ya sukari kidogo kidogo kama nilivyowafundisha, wakamleta. Alipofika kwangu sauti ilikuwa imerudi, na akaanza kunigombeza kwa kuchelewa kumpokea mlangoni. Nililia mbele ya wagonjwa wangu wote, wala sikuona haya.

Kwa hiyo ukiulizwa huko nani anatufadhili, jibu utakavyo. Ila ujue kwamba siku ile ningesikilizwa mimi, barua hii ingekuwa ya msiba.

Shangazi anakusalimu, na watoto wangu wanamsalimu mjomba wao. Msalimie wifi, umbusu binti. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mama naye anakusalimu sana. Yuko hapa kando yangu, ananiharakisha nimalize, na ameniambia niandike kwamba yu hai.

Ni mimi nikupendaye pamoja na ubishi wako wote,
Dada yako mkubwa